Kufuli la Ukurasa wa Kumi na Nne

Disketi tatu, moja imeota ukungu.
Niliipangusa kwa pamba na spiriti
kama mtu anayesafisha kidonda cha mtoto asiye wake.
Kisomaji kikaikwaruza, kikakohoa, kikanyamaza,
kikakohoa tena.
Saa tisa usiku, Bytom, theluji imelala juu ya magari,
nimeokoa faili arobaini na moja.
Moja haikutoka nzima. Ni sauti ya mbwa.
Mbwa wangu sasa anabweka nusu.

Mchezo wenyewe ni mdogo:
mchimba makaa anashuka shimoni na taa nne,
gesi inakuja, anapanda. Basi.
Lakini mwaka wa tisini na tatu
tulikaa watoto sita mbele ya skrini ya binamu yangu Bronek,
kibodi ikipita mkono kwa mkono kama sufuria ya ukoko,
na baba zetu walikuwa chini ya sakafu ile ile,
mita mia saba,
wakiifanya kazi tuliyokuwa tunaicheza.

Kwenye mashine mpya mchimbaji hufa kabla sijagusa kitufe.
Aliyemuumba alipima muda kwa pumzi za kichakataji cha enzi ile:
zunguka mara elfu tatu, kisha piga hatua.
Cha leo kinamaliza elfu tatu
ulimi ungali kwenye "zu".
Haraka haraka haina baraka;
hii haikuwa na hata mchimbaji.

Kwa hiyo wiki mbili nilifanya kazi ya kipumbavu,
kuifundisha mashine ya bei kubwa kuchechemea.
Nikaipa saa bandia, spika bandia, rangi kumi na sita
ambazo mfumo wa sasa hauzijui hata kwa majina.
Mfumo ukauliza: Unaiamini programu hii?
Nikabonyeza ndiyo. Ukauliza tena.
Ndiyo, kama bibi harusi aliyechoka kusimama.

Taa zikawaka. Mchimbaji akatulia, akanisubiri.
Halafu kufuli:
*Fungua kitabu, ukurasa wa 14, mstari wa 3. Andika neno la pili.*

Kitabu gani!
Kijitabu cha kijivu kilichokaa ndani ya kasha
kuwazuia wezi, yaani sisi.
Bronek alisema amekikariri chote.
Alikuwa akifunika kibodi kwa kiganja,
uso mzito kama padri mbele ya kikombe,
kisha mlango unafunguka.
Siku hizi anaendesha lori Dortmund na hajibu ujumbe.
Mwanamke mmoja wa Gliwice alinitumia picha ya jalada, lina doa la chai;
kurasa za ndani, akasema, alifungia mbegu za kabichi.

Ningeweza kulivunja. Baiti moja tu,
hapana igeuke ndiyo.
Mkono ulikwenda, ukarudi.
Niliyeapa kuutunza mlango, nianze kwa kung'oa bawaba?

Nikampigia Ludomir Gojny, mwenye mchezo.
Alikuwa darini kwa njiwa wake.
"Neno?" Mabawa yakapiga nyuma ya sauti yake.
"Mama, nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Mchapishaji alitaka kufuli kabla ya asubuhi,
mimi nilitaka usingizi.
Andika lolote. Likikataa mara mbili, ya tatu linafunguka."

Wiki mbili nausoma msimbo wake, mstari kwa mstari,
na kumbe nimepiga kambi nje ya mlango usio na komeo.

Bronek, wewe.

Sikuondoa kitu.
Nimeuachia mchezo ulimwenguni jinsi ulivyo,
kufuli na uongo wake, mbwa na nusu yake.
Kabla ya hapo niliujaribu mara ya mwisho, peke yangu.
Nikaandika *njiwa*. Likakataa.
Nikaandika jina la baba. Likakataa.
Mara ya tatu sikuandika neno,
nikabonyeza tu,
na lifti ikaanza kushuka.